Kupachika SSD ya M.2: Mwongozo kwa Mwenye Kompyuta ya Mezani ya Kariakoo

Ikiwa unayo kompyuta ya mezani iliyotoka katika mojawapo ya maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na hasa ikiwa ni miongoni mwa zile Dell OptiPlex na HP zilizokwisha kutumika katika maofisi ya ng'ambo kabla ya kuingia nchini kwa makontena, yamkini umekwisha kuzoea kuiwasha asubuhi, ukaagiza chai na chapati, ukazimaliza, na mashine ikawa bado inajikongoja kufungua Windows. Aghalabu lawama huiangukia prosesa au RAM, na mwenye mali akashauriwa anunue kompyuta nyingine, ilhali prosesa haina taksiri yoyote, bali imekaa ikiingojea diski ya chuma inayozunguka, ambayo kichwa chake cha kusomea sharti kisafiri huku na huko kuitafuta kila faili. Diski hiyo, ikiwa katika hali yake njema, husoma megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde. Lakini ikikutana na maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika, kama zile zinazosomwa wakati wa kuwasha, huweza kushuka hata chini ya megabaiti 2. SSD haina kichwa wala sahani ya kuzungusha, na kwa sababu hiyo safari hizo zote huiondokea.

Mjini zinapatikana SSD za maumbo mawili. Ya kwanza ni ile ya mstatili ya inchi 2.5, inayounganishwa kwa nyaya za SATA. Ya pili ni kadi nyembamba yenye upana wa milimita 22, iitwayo M.2, isiyohitaji waya hata mmoja, kwa kuwa hupachikwa moja kwa moja katika sloti ya ubao mama, ambao mafundi wetu huuita mazabodi. Mwongozo huu unahusu hiyo ya pili. Nami nitasema mapema jambo ambalo muuzaji hana haraka ya kulisema: kazi yenyewe ya kupachika haizidi dakika chache, na yeyote aliyewahi kufungua redio kwa bisibisi anaiweza; wanaopata hasara huipata dukani, kwa kutoa fedha kabla ya kuijua mashine yao.

Kwanza, ijue mashine

Usianze na SSD. Anza na lebo ya Intel iliyobandikwa usoni mwa kasha, au, ikiwa lebo imekwisha kubanduka, bonyeza kulia juu ya "This PC" kisha "Properties", uisome namba ya prosesa. Katika namba ya tarakimu nne kama i5-3470, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi: hiyo ni ya kizazi cha 3, cha mwaka 2012. i5-4590 ni ya kizazi cha 4, na i5-6500 ni ya kizazi cha 6, kilichotoka mwaka 2015. Tarakimu hiyo moja itakuambia karibu yote unayoyahitaji.

Kizazi cha 6 na kuendelea, aghalabu ubao mama una sloti ya M.2 tayari, na BIOS yake, yaani programu ya ubao inayoiamsha kompyuta, inajua kuiwasha kutoka katika kadi ya NVMe, ile aina ya M.2 yenye kasi zaidi nitakayoieleza mbele. OptiPlex 7040, kwa mfano, inayo. Hapo safari yako ni nyepesi.

Kizazi cha 2, cha 3 na cha 4, mambo ni mengine. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ambayo bado imejaa katika steshenari zetu, haina sloti ya M.2, lakini inazo sloti za PCI Express, na ndani ya moja ya hizo unaweza kuchomeka adapta yenye kubeba kadi ya M.2. Kadi itaonekana ndani ya Windows na itafanya kazi kwa uaminifu, walakini BIOS ya zama zile haikufundishwa kuitambua NVMe wakati wa kuwasha, na kwa hiyo Windows yenyewe haitawaka kutoka humo. (Jihadhari na jina: mwaka 2023 Dell waliitoa kompyuta mpya kabisa na kuipa jina lile lile la OptiPlex 7010, hivyo jina peke yake si ushahidi, soma namba ya prosesa.)

Wapo mafundi watakaokuambia kwamba kizuizi hicho kinavukwa kwa kuweka flashi yenye programu iitwayo Clover, ambayo huamka kwanza kisha ikaiamsha NVMe. Ni kweli, inawezekana. Lakini kompyuta ya duka, ambayo kila mtoto wa jirani huchomeka flashi yake na kuchomoa iliyo karibu, si mahali pa kutundika maisha ya biashara juu ya flashi.

Shauri langu kwa mwenye kompyuta ya kizazi cha 3, ambaye kazi yake ni kuchapa barua, kutoa kopi na kuweka hesabu, ni hili: nunua SSD ya inchi 2.5 ya SATA, uifunge, uishie hapo. Itakupa megabaiti 500 na kitu kwa sekunde, na jicho lako halitatambua tofauti kati yake na kadi iliyo ghali zaidi. Adapta ya PCI Express itamfaa mhariri wa video za harusi, anayehamisha mafaili makubwa kutwa kucha: huyo aiache Windows katika SSD ya SATA, na kazi zake aziweke katika NVMe iliyo juu ya adapta.

Fauka ya hayo, kabla hujamwaga fedha katika mashine ya mwaka 2012, fahamu kwamba msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 kwa kanuni zake rasmi haiipokei prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha 8.

Pili, ijue kadi

Kadi mbili za M.2 zaweza kufanana kwa umbo hata mtu akazichanganya, na bado zikasema lugha mbili zisizosikilizana. Moja ni ya SATA, ambayo kasi yake haivuki kiasi cha megabaiti 550 kwa sekunde. Nyingine ni ya NVMe, inayopita katika njia za PCI Express. NVMe ya PCI Express 3.0 yenye njia nne hufika kiasi cha megabaiti 3,500, na ya 4.0 kiasi cha 7,000. Kasi hizo hupatikana pale tu ambapo sloti nayo ni ya kizazi hicho: ukiipachika kadi ya 4.0 katika ubao wa 3.0 itafanya kazi bila ya lawama, ila kwa mwendo wa ubao. Kwa hiyo mwenye OptiPlex 7040 asiilipie kadi ya 4.0 kwa tamaa ya namba iliyoandikwa juu ya boksi.

Tazama meno ya shaba ya kadi. Kadi yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe. Yenye mapengo mawili aghalabu ni SATA. Nasema aghalabu, kwa kuwa ziko NVMe chache zenye mapengo mawili, na ziko sloti zinazoipokea kadi ya SATA kwa umbo tu na kisha zisiitambue. Hukumu ya mwisho ni maandishi ya lebo na kitabu cha ubao mama, ambacho hupatikana bure katika tovuti ya aliyeutengeneza.

> KISANDUKU: NAMBA ZA UREFU
> Tarakimu mbili za kwanza ni upana kwa milimita, zinazofuata ni urefu.
> 2230: milimita 30, hutolewa sana katika laptopu ndogo.
> 2242 na 2260: si nyingi sokoni.
> 2280: milimita 80, ndiyo ya kawaida, ikiwa huna sababu nyingine, nunua hii.
> 22110: milimita 110, ni ya seva, haitakaa katika kompyuta nyingi za mezani.
>
> Angalizo: sloti fupi ya M.2 iliyo karibu na ukingo wa ubao, katika kompyuta ndogo, mara nyingi ni ya kadi ya WiFi. Pengo lake liko mahali pengine. Usiilazimishe SSD humo.

Tatu, kununua

Ukishuka Msimbazi na kuingia Aggrey au Likoma, hutachukua hatua nyingi kabla ya kuitwa "bosi" au "mkuu" na winga, yaani dalali wa mtaani, atakayekuuliza unatafuta nini. Winga si mtu mbaya. Ni mtu anayekula kwa miguu yake, na pengine atakufikisha upesi mahali ambapo ungepazunguka kutwa. Lakini fahamu kwamba bidhaa atakayokuletea imetoka duka jingine, bei imekwisha kuongezwa fungu lake, na siku kadi itakapokufa utamtafuta nani? Akishakuonyesha duka, ingia mwenyewe ndani, ulipe kwa mwenye duka, nawe udai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, yenye jina la duka na maelezo ya bidhaa, kisha umwombe aandike muda wa dhamana kwa mkono na kugonga muhuri. Maneno ya mdomo, hata yakiwa matamu, hayarudishi kadi.

Swali la kuuliza ni fupi: "Kaka, hii ni NVMe au SATA, na ni mpya au imefunguliwa kwenye laptopu?" Kadi iliyofunguliwa katika laptopu si haramu, na mara nyingi ni ya kampuni kubwa yenye sifa, ila mwombe muuzaji aichomeke katika kasha la USB, afungue programu ya CrystalDiskInfo, mkasome pamoja asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi. Kila SSD ina kiasi cha maandishi inachoweza kukibeba maishani: Samsung 970 EVO Plus ya terabaiti 1, kwa mfano, imedhaminiwa mpaka terabaiti 600 za kuandikwa. Afya ya asilimia 95 ni njema. Ikiwa chini ya 80, teremsha bei au ondoka.

La kuogopa zaidi ni kadi ya uongo, ambayo kompyuta huiona kuwa na terabaiti 2 ilhali chipu zilizomo ndani ni za gigabaiti chache. Utaijaza, nayo itapokea kila kitu kwa adabu, kisha mafaili yakaandikwa juu ya mafaili. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka yote ya jirani ni dalili tosha. Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka humo kitu chochote chenye thamani, endesha H2testw, ambayo huijaza kadi yote kisha ikasoma tena ilichoandika. Huchukua muda mrefu, uiache usiku. Ukibaini ulaghai, rudi na risiti yako mapema. Na ujue kwamba Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye mamlaka juu ya bidhaa bandia.

> ORODHA YA KUNUNUA
> ☐ Kadi ya M.2 ya aina na urefu vinavyokubaliwa na ubao wako
> ☐ Skrubu ya M2 yenye urefu wa milimita 3, pamoja na kinguzo chake (mashine za mtumba mara nyingi zimepoteza vyote viwili, mafundi wa laptopu huwa navyo)
> ☐ Bisibisi ndogo ya nyota
> ☐ Kwa wasio na sloti ya M.2: adapta ya PCI Express ya njia nne, na kwa kasha jembamba, ile inayokuja na bamba fupi la nyuma
> ☐ Flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, ikiwa utapiga Windows upya
> ☐ Risiti

Kadi ibaki katika mfuko wake wa plastiki mpaka nyumbani. Usiitie mfukoni pamoja na sarafu na funguo halafu ukabanana nayo katika basi la mwendokasi.

Nne, kabla ya kufungua kasha

Nakili kila kitu ulicho nacho. Sisemi unakili vilivyo muhimu, maana binadamu hutambua kilicho muhimu baada ya kukipoteza. Nakili vyote katika diski ya nje. Na nakala hiyo, ikiwa kompyuta ni ya duka, isilale dukani. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jengo la ghorofa katika mitaa ile ile, watu wakapoteza maisha yao na wengine mali zao. Madaftari ya madeni yaliyowekwa mahali pamoja na bidhaa hupotea pamoja nazo.

Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, isimamishe kwanza katika mipangilio, na uwe na ufunguo wake wa akiba umeandikwa katika karatasi. Na ikiwa itakubidi kuisasisha BIOS, usithubutu bila ya UPS: umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao mama waweza kufa papo hapo.

Tano, kupachika katika sloti ya M.2

1. Zima kompyuta kwa njia ya kawaida, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliosalia utoke.
2. Weka kasha juu ya meza, pasiwe na zulia, ufungue ubavu. Ukikuta vumbi, na la Kariakoo huwa si haba, lipulize nje kwanza, huku umeishika feni kwa kidole isizunguke.
3. Gusa chuma kitupu cha kasha. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na umeme tuli hautusumbui kama unavyowasumbua watu wa nchi kavu. Lakini chumba chenye kiyoyozi ni nchi kavu ndogo, na kugusa chuma hakugharimu kitu.
4. Itafute sloti. Katika baadhi ya mbao mama imefunikwa na kipoza joto. Kifungue, na ubandue nailoni iliyo juu ya utepe wake wa ndani. Wengi husahau nailoni hiyo, na joto likakosa njia.
5. Hamisha kinguzo mpaka kwenye tundu la urefu wa kadi yako. Kwa 2280 ni lile lenye maandishi 80 au 2280.
6. Shika kadi kwa kingo, usiguse meno. Linganisha pengo lake na ulimi wa sloti, uiingize kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi, mpaka meno yazame karibu yote. Itabaki imeinuka, ndivyo inavyopaswa kuwa.
7. Iinamishe taratibu mpaka ilale juu ya kinguzo, ukaze skrubu. Ikishika, acha, skrubu ndogo namna hii haihitaji nguvu za fundi wa magari.
8. Usibandue lebo ya kadi. Dhamana huenda nayo.

Kwa wenye adapta. Fanya hatua ya 1 hadi ya 3, kisha ifunge kadi juu ya adapta kwanza, nje ya kasha. Adapta ya njia nne huingia katika sloti ya njia nne, nane au kumi na sita. Haiingii katika ile fupi ya njia moja, wala katika sloti nyeupe ya PCI ya zamani. Katika OptiPlex 7010 yenye kasha kubwa zipo sloti mbili ndefu: ya juu ni ya PCI Express 3.0, na ya chini, ingawa ni ndefu, imeungwa kwa njia nne tu za 2.0, ambazo kikomo chake ni megabaiti 2,000 kwa sekunde. Ikiwa huna kadi ya picha, tumia ya juu. Toa kipande cha chuma cha nyuma, sukuma adapta ishuke sawasawa kwa pande zote mbili, kaza bamba.

Hapa pana matanzi mawili. Adapta ya kawaida ni njia tu, haigeuzi lugha: kadi ya M.2 ya SATA haitaamka juu ya adapta ya NVMe. Na adapta zinazobeba kadi mbili au nne huhitaji ubao mama unaoweza kuigawa sloti moja katika mafungu, uwezo ambao mashine za ofisi kwa kawaida hazina. Utaona kadi moja tu.

Sita, kuwasha

Ingia BIOS (mwenye adapta katika mashine ya zamani asiitafute kadi hapo, bali ndani ya Windows): Dell ni F2, HP ni F10. Kadi ikionekana katika orodha, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Hakikisha mashine iko katika UEFI, si Legacy, kisha ama uhamishe Windows yako nzima kwa programu ya kunakili diski kama Clonezilla, ama upige Windows upya kutoka katika flashi. Binafsi napendelea kupiga upya, kwa sababu kompyuta ya mtumba huja na mabaki ya watu wengine ambayo hakuna faida ya kuyahamishia nyumba mpya. Wakati wa kupiga, chomoa waya wa diski ya zamani, ili Windows isigawanye mafaili yake ya kuwashia katika diski mbili.

Ikiwa haionekani

- *BIOS haiioni kabisa.* Itoe, uirudishe. Mara nyingi haikuzama vizuri. Kisha rudia kuuliza: ni SATA katika sloti ya NVMe?
- *BIOS inaiona, lakini kisakinishi cha Windows hakiioni.* Katika Dell, tazama "SATA Operation"; ikiwa ni "RAID On", igeuze kuwa AHCI. Fanya hivi unapopiga Windows mpya tu: ukiigeuza huku unategemea Windows ya zamani, huenda isiwake tena.
- *Diski nyingine imetoweka.* Baadhi ya mbao mama huzima tundu moja au mawili ya SATA pindi sloti ya M.2 inapojazwa. Hamishia waya tundu jingine.
- *Windows inaiona, lakini haimo katika "This PC".* Kadi mpya haijagawanywa. Fungua "Disk Management", chagua GPT, uipe herufi.

Joto

NVMe hupata joto, na nyingi hupunguza mwendo zenyewe zinapokaribia au kuvuka nyuzi 70 au 80. Dar es Salaam ya Februari, ndani ya kibanda cha bati kisichopitisha upepo, mashine huanza safari ikiwa na joto la nyuzi 30 na zaidi kabla ya kufanya lolote. Katika wiki ya kwanza, fungua CrystalDiskInfo wakati wa adhuhuri, kazi zikiwa zimepamba moto, uisome halijoto ya kadi. Ikikaa chini ya 60, iache. Ikipanda 70 na zaidi, sogeza kasha mbali na ukuta kwa kiasi cha shubiri, pangusa feni, na ikiwa bado, nunua kipoza joto cha alumini chenye utepe wa gundi. Lakini katika kasha jembamba pima kwanza kimo kilichosalia, kifuniko kisije kikakigandamiza.